Koplo Aliyekula Sinia Moja na Mkewe

Koplo alipozikwa, mimi nilikuwa jikoni kwa binti yake nikichambua mchele. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Wanaume waliporudi walinawa, wakakaa kwenye mikeka, wakawapa pole watoto wake mmoja mmoja. Mimi walinipa masufuria. Sikukaa eda, kwa sababu sikuwa mkewe. Sikulia kwa sauti, kwa sababu sikuwa binti yake wala dada yake. Nilikuwa shemeji, mdogo wa mke wake, na shemeji huomboleza huku akikoroga chungu.

Basi niseme mapema, nisije nikamdanganya mtu. Nilimwonea dada yangu wivu kwa sababu ya mwanamume huyu. Nilimwonea wivu akiwa hai, na alipokufa wivu haukufa naye.

Mtaani kwetu Garissa kila mtu alimwita Koplo, hata imamu. Aliporudi kutoka jeshini watu walitaka kumpandisha cheo kwa heshima, wakawa wanamwita Sajini. Alikataa. "Sajini ni yule aliyekuwa akinifokea," aliwaambia. "Mimi ni Koplo. Nilifokewa." Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo wajukuu waliyashika walipopanda mgongoni mwake. Kila Ijumaa asubuhi alipiga rangi buti zake za zamani mpaka zikang'aa, akaziweka kando ya mlango, kisha akaenda msikitini na ndala. Nilimuuliza siku moja buti anampigia nani rangi. Akasema, "Buti zenyewe. Zilitembea sana."

Alikuwa mkulima, na kwa watu wetu hilo halikuwa jambo la kujisifia. Sisi ni watu wa mifugo. Mtu akitoka jeshini na kiinua mgongo chake, hununua ngamia au hufungua duka. Yeye alinunua kipande cha ardhi ukingoni mwa mto Tana, na pampu ya dizeli iliyokuwa ikikohoa zaidi kuliko kupiga maji. Akapanda migomba, mipapai, vitunguu, na matikiti. Jamaa zake walimwita yule aliyeinama. Binamu yake mmoja, mwenye ngamia wengi upande wa Wajir, alikuwa akipita shambani na kusimama pembeni, fimbo mabegani, asikanyage tuta.

"Koplo, umepoteza nini huko chini?" alikuwa akimuuliza. "Tukusaidie kutafuta?"

"Ngamia hukimbia na mwizi," Koplo alimjibu bila kuinuka. "Ndizi hukaa."

Ukame ulipokuja, binamu yule yule alirudi na wanyama waliobaki mifupa. Watu wa mto hulisha mifugo mashina ya migomba wakati kama huo, maana yana maji. Koplo hakumcheka. Alimpa panga, akamwonyesha mistari ya kukata. Kisha akamwambia, "Lakini kibarua sina. Beba mwenyewe, na ukibeba lazima uinamie." Binamu alibeba. Tulimwona akipita na shina begani, maji ya mgomba yakimchafua kanzu, na Koplo nyuma yake amebeba mawili. Jioni dada yangu aliwapikia wote wawili, na neno la kuinama halikutajwa tena. Ndivyo alivyokuwa. Alilipiza kisasi mara moja, kisha akakulisha.

Mimi nilikuwa muuzaji wake. Nilitalikiwa na mume wangu, mfanyabiashara wa mbuzi, alipopata mwanamke mwingine kule Takaba na kusahau njia ya kurudi. Nilipokuja mlangoni kwa dada na mabegi yangu, Koplo hakuuliza nani mwenye makosa. Aliniuliza kama ninajua kuchagua papai. Kesho yake nilikuwa sokoni nikiuza mazao yake, na sijaacha mpaka leo. Kwa hiyo nilimwona karibu kila siku ya maisha yake, na kila siku nilimwona akiwa wa mtu mwingine.

Kuhusu sinia nitasema kwa sababu wengi hawakuamini. Kwetu wanaume hula kwanza, wao kwa wao, wanawake wakala baadaye na watoto. Koplo alikaa na wageni, akamega kidogo kwa adabu, akawasindikiza mpaka barabarani. Akirudi alivua kofia, akakaa chini jikoni, akasema, "Haya, sasa nile." Dada yangu alikuwa ameshaweka wali na nyama kwenye sinia moja. Walikula pamoja, mkono wa huyu na mkono wa yule, na kipande kizuri kilikuwa kikisukumwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine mpaka kikapoa.

Wanaume wa mtaani walijua, wakamtania msikitini. "Koplo, siku hizi unakula na kina mama?"

"Jeshini nilikula na wanaume peke yao," aliwaambia. "Wote walinuka soksi."

Mimi nilikuwa mlango wa pili, nyumba ileile, ukuta mmoja. Nilijifunza kula haraka ili nisiwasikie wakicheka.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Kwenye kikundi cha pampu alikuwa mkali kama mchongoma. Wakulima walikuwa na zamu za maji, na yeye ndiye aliyepewa kusimamia, kwa kuwa alikuwa na filimbi. Zamu yako ikiisha, filimbi inalia, mfereji wako unafungwa, hata kama vitunguu vyako vinakulilia. Mzee mmoja alimsihi amwongezee dakika chache. Koplo akamwambia maji hayana mjomba. Lakini zamu yake mwenyewe alichelewa mara nyingi, maana hakutoka nyumbani kabla dada yangu hajamaliza chai, na dada yangu alikunywa chai kama mtu anayesoma barua. Akifika na kukuta zamu yake imeliwa, alijipigia filimbi mwenyewe, akafunga mfereji wake, akaketi. Hakudai. Hakumlaumu mkewe. Vitunguu vyake vilikuwa vidogo kuliko vya wengine, na sokoni mimi ndiye niliyeulizwa kwa nini.

Na aliogopa vyura. Tana ina mamba, na Koplo aliingia majini mpaka magotini kurekebisha bomba huku akiimba. Lakini vyura hukusanyika kwenye chujio la bomba na kuziba maji, na hapo alirudi nyuma kama mtoto. Dada yangu ndiye aliyekuja na kuwatoa kwa mikono. Alikuwa akimrushia mmoja karibu na miguu kwa makusudi, na Koplo alikimbia kwenye tuta na miguu yake mirefu. "Mwanajeshi wa nani huyu?" dada aliuliza wakulima. "Nchi hii ililindwaje?" Wakulima waliangua kicheko, na Koplo kutoka mbali alisema yule chura ana sura ya adui. Nilikuwa hapo na kikapu cha papai. Nilicheka pia. Lakini nilikuwa nikifikiria kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kuniruhusu nimcheke mbele ya watu na bado anitazame namna ile.

Mambo ya jeshi hakuyasema. Wajukuu walimwomba hadithi za vita, akawafundisha kwata badala yake, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, kwenye ua, wote wakiwa na fimbo za kufagilia. Fimbo hawakuruhusiwa kuzishika kama bunduki. Mmoja akifanya hivyo, kwata lilivunjwa, na Koplo aliingia ndani. Sote tulijua kwa ujumla. Alikuwa mtu wa lugha yetu aliyevaa sare wakati ambapo watu wa lugha yetu waliogopa sare. Alisimama kwenye vizuizi vya barabara akiwakagua watu ambao wangeweza kuwa wajomba zake. Kuna kitu kilitokea kwenye kizuizi kimoja. Dada yangu alijua ni nini.

Nilimuuliza dada mara moja tu, tukiosha vyombo. "Alikuambia?"

"Aliniambia."

"Ilikuwa nini?"

Akafuta sahani muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Abaayo, dada yangu, hiyo aliniwekea mimi."

Alisema kwa upole. Angenipiga kofi ingeniuma kidogo kuliko hivyo. Nguo zake nilivaa, watoto wake niliwabeba, chumvi yake nilikula, lakini hapo palikuwa na chumba ambacho sikukaribishwa. Dada yangu alikufa na hicho kitu, na Koplo naye sasa amekwenda nacho. Sijui mpaka leo.

Dada aliugua msimu mmoja wa mvua, barabara zikiwa zimekatika, na hakurudi kutoka hospitalini. Koplo alimzika, akarudi shambani siku iliyofuata. Watu walisema ana moyo mgumu. Nilimkuta amesimama kwenye pampu, maji hayatoki, vyura wamejaa kwenye chujio. Alikuwa ameshika filimbi mkononi, amesimama tu. Nikapandisha nguo, nikaingia, nikawatoa. Hakuna hata mmoja niliyemrushia. Alisema, "Ahsante, abaayo," na tangu siku ile hiyo ikawa kazi yangu. Ndicho kitu pekee cha dada yangu nilichorithi kwake: vyura.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mtaani wanalijua nusu.

Kwetu mke akifariki, wazee wa upande wake wanaweza kumpa mgane dada wa marehemu, kama yupo asiye na mume. Tunaita higsiisan. Husemwa kwamba ni kwa ajili ya watoto na ili undugu usikatike. Mwaka ulipopita tangu kifo cha dada, mdogo wa baba yangu, adeer kwa lugha yetu, alikuja kutoka Masalani, akakaa kwangu, akanywa chai, akaniuliza nina maoni gani.

"Mfanye mnavyoona, adeer," nilimwambia.

Mwanamke wa umri wangu akisema hivyo, amesema ndiyo. Adeer alijua. Mimi nilijua zaidi yake. Siku wazee walipopanga kwenda kwa Koplo, nilifanya kosa ambalo msichana wa miaka kumi na minane angeweza kusamehewa. Nilijipaka hina. Viganja vyote viwili, na vidole mpaka kiungo cha pili. Nilijiambia kwamba ni ya kawaida tu, kwamba mikono imeharibika na nyanya. Nilifukiza udi chumbani. Kisha nikaenda kusaidia jikoni, mikono ndani ya shuka.

Wazee walikaa sebuleni. Mimi na binti mkubwa wa Koplo tulikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai. Mambo kama haya hayasemwi moja kwa moja. Huzungushwa, kama mtu anayekaribia ngamia asiyemjua. Adeer alianza.

"Koplo, boma likikosa mlango, fisi hujua."

"Fisi gani?" Koplo akauliza. "Mimi nina lango la chuma."

"Ni mfano tu."

"Sawa."

Mzee mwingine akajaribu. "Ngamia jike akifa, ndama wake hatupwi. Hutafutiwa mama mwingine, akazoeshwa, akanyonya."

"Ndama wangu wa kwanza ana ndevu," Koplo alisema. "Anafundisha shule Mandera."

Binti yake alijiziba mdomo asicheke. Mimi sikucheka. Kisha nikamsikia Koplo akiweka kikombe chini.

"Adeer, mmekuja kuniozesha?"

"Tumekuja kulinda undugu."

"Undugu haujatoka nyumba hii. Mlinipa mmoja, akanitosha. Kama ningewarudishia na kuomba mwingine, mngesema yule wa kwanza alikuwa na kasoro." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupanda vitunguu. "Na huyu mdogo wake, mlimleta hapa akiwa hana meno ya mbele. Mimi ndiye niliyemshika mkono kuvuka barabara ya sokoni. Leo nimwite mke? Nitacheka, na yeye atacheka."

Sikucheka. Binti yake alitazama mikono yangu. Shuka ilikuwa imeteleza. Alichukua sinia la chai kutoka kwangu, akalipeleka yeye.

Hina haitoki kwa kuosha. Wiki nzima nilikaa sokoni nikipima nyanya na viganja vyekundu, na wateja waliniuliza kuna arusi kwa nani. Nilisema ya jirani.

Sikuacha kuuza mazao yake. Watu wengine wangeacha. Niliendelea kwa sababu sikuwa na kwingine, na kwa sababu nikiacha angejua kwa nini. Sidhani aliwahi kujua. Hilo ndilo jambo ninalomshukuru na ndilo jambo lililoniudhi, yote mawili kwa pamoja. Aliendelea kula jikoni kwenye sinia lilelile, upande wake tu. Upande wa pili wali ulibaki safi, haukuguswa, na wajukuu walijua wasiweke mkono pale.

Mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, akaacha kwenda shambani. Walimwekea kitanda cha kamba barazani, mahali ambapo angesikia pampu kutoka mbali. Alasiri nilikuwa nikimpelekea chai ya maziwa ya ngamia. Siku moja alikunywa nusu, akaniuliza, "Alikuwaje?"

"Nani?"

"Kabla sijamwona. Mimi nilimpata akiwa msichana mkubwa, amefunikwa, anajua kunyamaza mbele ya wageni. Ile miaka ya kwanza mliila ninyi kule malishoni." Alikuwa akitazama kikombe. "Kumbukumbu zangu nimezimaliza. Nimezikumbuka zote, sasa zinajirudia. Wewe unazo ambazo sina. Muda wote huu nimekuonea wivu."

"Mimi?"

"Wewe. Ulimjua alipokuwa hajui kama mimi nipo."

Nilikuwa nimeshika birika. Nilimwongezea chai ingawa kikombe kilikuwa bado kina nusu, ikamwagika, nikaenda kutafuta kitambaa, nikakaa huko ndani kidogo. Nilirudi nikiwa na nia mbaya, sitaficha. Nilichagua ile ambayo niliamini itamuuma.

"Alipoambiwa ataolewa na mwanajeshi," nilimwambia, "alilia. Alijificha kwenye zizi la mbuzi, katikati ya mbuzi, mama akamtafuta mpaka jua likazama. Alisema askari wote wana miguu ya ndege."

Koplo alinitazama. Kisha alianza kucheka, polepole, kutoka tumboni, mpaka akakohoa na binti yake akaja mbio. "Miguu ya ndege," alimwambia binti yake, akiifunua miguu yake iliyovimba. "Mama yako alisema hivyo. Na hakuniambia kamwe." Alikuwa na furaha kama mtu aliyeletewa salamu kutoka mbali. "Alilia sana?"

"Sana."

"Lete nyingine kesho."

Nikawa nampelekea. Siku alipompiga mvulana wa boma jirani kwa ndoo ya maziwa. Siku alipokula samli yote ya mama kwa kidole na kusingizia paka, na paka hatukuwa naye. Alivyoimba akiwanywesha mbuzi, sauti mbaya, mbuzi wakakimbia. Nilimpa kidogo kidogo, kama mtu anayejua gunia lina mwisho. Nilivaa vizuri nilipokwenda. Hakuna hata siku moja ambayo aliniangalia mimi. Alikuwa akiangalia mahali ambapo maneno yalikuwa yakitokea, ili amtazame msichana mwingine. Na bado zile alasiri zilikuwa zangu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kumpa kile alichokitaka.

Kisha zikaisha. Nilimwambia ukweli. "Koplo, za dada zimeisha. Nilikuwa mdogo, sikuona zote."

Pampu ilikuwa ikisikika. Alifumba macho, nikadhani anapambana na maumivu yake.

"Basi niambie zako," alisema.

Nilikaa. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuniomba hivyo. Nilizitafuta kichwani moja baada ya nyingine, na kila niliyoigusa nilimkuta dada amesimama ndani yake, amenishika mkono, ananifuta pua, ananipa maziwa ya kwanza. Ilinichukua muda mpaka nikapata moja ambayo hakuwemo. Siku hiyo alikuwa amekwenda kisimani na wakubwa, mimi nikaachiwa wana-mbuzi. Mmoja akapotea, mweupe, mwenye doa jeusi sikioni. Nikatoka peke yangu kumtafuta. Nilimweleza Koplo jinsi vichaka vilivyokuwa virefu kuliko mimi, jinsi nilivyomwita kwa sauti ya mama yake, jinsi nilivyoona nyayo za fisi kwenye mchanga na nikaziruka nisizikanyage.

"Alipatikana?" aliuliza, macho yamefumbwa.

"Ngoja. Bado."

Niliendelea. Nilifika kwenye mkondo mkavu, nikashuka, nikamwita tena. Nilipomtazama Koplo, mdomo ulikuwa umefunguka kidogo na pumzi yake ilikuwa ndefu. Amelala. Binti yake alichungulia mlangoni, akaniashiria kwamba ninaweza kwenda sasa, chai ataichukua yeye.

Nikamwambia angoje kidogo. Nilisogeza kigoda karibu na kitanda, nikamaliza hadithi yangu kwa sauti, bila kuruka kitu. Mwana-mbuzi alikuwa chini ya mti wa miiba, mguu umenaswa, bado hai. Nilimbeba mpaka nyumbani mwenyewe.